Nyumba Nzuri, Ila Shangazi Kalipishwa Choo

Naanza na choo, maana ndicho kilichonipandisha presha. Si kwamba kilikuwa kibovu. Kilikuwa safi, kinang'aa, na maji ya moto yanatoka. Kilichoniudhi ni kwamba shangazi yangu, mtu mzima wa miaka zaidi ya sabini, alidaiwa shilingi 15,000 getini kwa sababu huenda angekitumia.

Tulikodi kijumba Lushoto, juu kidogo ya mji, upande wa kwendea Magamba. Jina silitaji, nisije nikawapa tangazo la bure. Ilikuwa masika, Aprili Aprili hivi kuelekea Mei, na huku Dar kila niliyemwambia alinicheka: Lushoto na mvua hii, unafuata nini? Nilikuwa nafuata mvua yenyewe. Marehemu baba alikuwa Msambaa wa upande wa Soni, na hadithi zake zote za utotoni zilikuwa na tope ndani. Nilitaka watoto wangu walikanyage hilo tope, wawaone na ndugu zao, si kila mwaka ufukweni tu.

Ile barabara ya kutoka Mombo, kilomita 33 za kona juu ya kona, ilitutisha kidogo kwa sababu udongo ulikuwa umeporomoka hapa na pale. Ila maporomoko ya Soni wakati wa masika ni kitu kingine kabisa. Maji mekundu, yananguruma, unayasikia ukiwa bado ndani ya gari. Mwanangu wa mwisho alikataa tuondoke.

Nyumba nayo, kusema haki, ni nzuri. Kuta za mawe, paa la bati, mablanketi mazito. Mvua ikianza kupiga bati usiku unalala mpaka unasahau una kazi mjini. Kasoro ilikuwa pale pa kuotea moto, palipotupendeza sana kwenye picha. Kuni za usiku wa kwanza ni bure, zinazofuata 5,000 kwa fungu, tena mbichi zinachuruzika maji. Moshi wote ukawa unarudi sebuleni, tunalia kama tuko msibani. Wajerumani waliokaa hapa na kupaita Wilhelmstal walipanda huku kukimbia joto la pwani. Nadhani wao angalau walikuwa na kuni kavu.

Lakini hilo nililisamehe siku ileile, kwa sababu ya matembezi. Tulivaa mabuti tukaenda Irente kwa miguu. Ukifika pale unasimama ukingoni, na chini yako, karibu mita 1,000, ndiyo tambarare ya Mazinde na Mombo. Sisi tulikuta ukungu mtupu, mweupe pe, kama tumesimama mbele ya shuka. Tukakaa, tukala mkate na jibini, watoto wakaanza kununa. Mara upepo ukavuta ukungu upande mmoja na nchi yote ikatokea: mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, barabara kuu, malori madogo kama punje. Dakika chache tu, kisha ukafunga tena. Njiani tunarudi, akina mama waliobeba kabichi kichwani wanatusalimia "onga mshi", na binti yangu akajifunza kuitikia. Kwenye kichaka cha ua tukamwona kinyonga dume mwenye pembe mbili puani, wale wa huku Usambara, ametulia ananyeshewa wala hana habari na sisi. Kwa siku hiyo moja nilikuwa nimeshaandika kichwani nyota tano.

Kesho yake tukaenda kwa shangazi. Tulifika bila taarifa ya maana, kundi zima, miguu imejaa tope hadi magotini, tukaketishwa jikoni kwenye moto. Tulikula, tukafungashiwa, na hakuna aliyehesabu vichwa. Sasa kwa desturi ya kwetu, umetembelewa, nawe utatembelea. Shangazi akasema, "Na mimi nitakuja nikaone mnapolala, nisije nikasikia wajukuu zangu wamelala na baridi."

Akaja kweli. Amepanda kihaisi kutoka Soni, yuko na binamu yangu na wajukuu wawili, mvua inamwagika, kikapu cha maparachichi na viazi mkononi. Mimi niko ndani sijui kitu. Nikasikia sauti getini, kutoka naona shangazi amesimama nje ya geti, kanga imemgandia mabegani, na kijana wa pale anamweleza kwa adabu zote kwamba wageni wasiokuwa kwenye orodha wanalipa 15,000 kila mmoja. Watoto nao wanahesabiwa. "Samahani, dada, bosi ndiye kasema."

Nikampigia mwenye nyumba, yuko Dar. Nikamwambia hawa hawalali, wamekuja kunijulia hali, mmoja ni mzee na ananyeshewa. Nilitegemea aseme basi waingie, tutaongea. Akanijibu hivi: "Dada, kanuni ni kanuni. Hao watatumia maji, watatumia choo, watakanyaga tope kwenye sakafu yangu." Sakafu yake! Mimi na wanangu tulikuwa tumeingiza tope la Irente nzima humo ndani na hakuna aliyetudai.

Nageuka, naona shangazi ameshafungua fundo la pembe ya kanga yake. Noti zenyewe zimekunjwa ndogo ndogo, zimelowa, anazichambua kwa vidole ambavyo baridi imeshavikakamaza, anamuuliza yule kijana, "Baba, ulisema ngapi?"

Nililipa mimi, 60,000 yote, sikutaka hata kuendelea kubishana. Lakini ubaya ulikuwa umeshafanyika. Shangazi alikaa mpaka jioni na hakugusa kile choo. Nilimwambia mara ngapi sijui, akasema hana haja. Mtu amekunywa chai vikombe vitatu, hana haja! Na hapo hapo ndiye aliyetuokoa na ule moshi. Aliangalia zile kuni, akatikisa kichwa, akamtuma mjukuu nyumba ya jirani akaombe magunzi ya mahindi makavu, akapiga magoti akayapanga chini, akapuliza. Moto ukawaka ambao hatukuwahi kuuona tangu tufike. Aliyelipishwa kuingia ndiye aliyewasha moto wa mwenye nyumba.

Najua wapo watakaosema nyumba ni ya mtu, ana haki ya kujua nani anaingia. Sawa, akiniambia kabla ya kulipa. Ile orodha ya wageni nililetewa kujaza majina ya wanaolala tu, wala haikuwa na bei yoyote. Yule kijana wa getini sina ugomvi naye, alikuwa ananyeshewa vilevile, na jioni alimsindikiza shangazi hadi kwenye gari na mwavuli wake mwenyewe.

Kwa hiyo nyumba nilitaka kuipa nyota tatu, maana vitanda ni vizuri na mandhari hayana mpinzani. Nilipofika kwenye zile noti zilizolowa nikashusha mbili. Sasa hivi naiachia moja, na hiyo ni ya yule kijana. Lushoto nitarudi, tena masika hii hii ijayo, ila tutalala kwa shangazi, chini hata kwenye mkeka.

Juzi mwenye nyumba kanitumia ujumbe, eti ofa ya wateja wa zamani, asilimia kumi. Nikamuuliza kama choo kimo ndani ya ofa. Kausoma, tiki zimekuwa za bluu, jibu hajaleta.