Soko la Boyce, Fredericton, wakati wa vuli: uzoefu wangu

Mwishoni mwa Oktoba, saa kumi na mbili asubuhi, Fredericton bado ni giza totoro. Jua huchomoza karibu na saa mbili. Lakini Mtaa wa George utakuta taa zinawaka, milango ya Soko la Boyce imefunguliwa na watu wanaingia na vikapu vyao. Hii ni vuli yangu ya tatu katika mji huu wa jimbo la New Brunswick, Kanada, na nayaandika haya kwa ajili ya wenzetu wanaokuja kusoma au kufanya kazi. Mwaka wangu wa kwanza nilifika Septemba, nikaona baridi inaanza, nikajifungia chumbani hadi Aprili. Sitaki mwingine ayapitie hayo.

Kwanza, neno lenyewe. Kwetu Jambiani, Unguja, vuli ni mvua, zile za kuanzia Oktoba hadi Disemba. Huku vuli ni majani. Mimaple inageuka nyekundu, mingine manjano, na kufikia Novemba miti yote imebaki vijiti. Asubuhi hupata nyuzi 2 au 3, mchana jua likitoka zikafika 13. Ukivaa vizuri ni hali ya hewa nzuri kabisa ya kutembea.

Soko liko hapo tangu 1951, na ni la Jumamosi tu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Kuingia ni bure. Kuna wanaouza ndani ya jengo na kuna wanaopanga meza nje. Nenda kabla ya saa tatu kama unataka kununua kwa utulivu, maana baada ya hapo ni mabega kwa mabega. Chukua na pesa taslimu kidogo, usitegemee kadi peke yake.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni foleni ya sambusa. Ndiyo, sambusa! Wenyeji wanaziita samosa, na wanazipangia foleni asubuhi na mapema, watu wa kila aina, wazee kwa vijana, kama sisi tunavyosubiri kikaango jioni ya Ramadhani. Mara ya kwanza nilisimama tu nikiwatazama. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa na kofia ya sufu na mbwa mdogo ndani ya koti, akanunua nyingi za kupeleka nyumbani. Mimi huchukua za mboga, kwa sababu nyama sipendi kuila bila kuuliza, na kuuliza huku watu wamejaa nyuma yako si raha. Nikazila nje zikiwa bado zinatoa moshi, vidole vimekufa ganzi. Chatne yetu ya ukwaju nimeikosa, lakini nilijihisi niko mahali pa watu.

Maboga nayo yanahitaji ushauri. Yale makubwa ya rangi ya machungwa yaliyopangwa nje ni ya kuchonga sura kwa ajili ya sikukuu ya Halloween. Ukiyapika ni maji matupu. Uliza lile dogo la kijani lililokolea, lenye kama kilemba juu, wanaliita buttercup. Nyama yake ni kavu na tamu, na ukilipika kwa tui la kopo, iliki na sukari kidogo unapata boga la nazi lisilo na kasoro. Matufaha nunua yoyote, ni msimu wake. Kuna na juisi ya tufaha iliyopashwa moto, wanaiita cider. Jina lisikutishe, hiyo ya mezani sokoni kwa kawaida ni juisi tu isiyo na kilevi, ingawa kuuliza hakuharibu kitu.

Sasa nije kwenye lililonifunga na soko hili. Kwenye meza moja niliona mifuko ya karatasi imejaa kitu kikavu, chembamba, rangi ya zambarau iliyoiva sana. Nikasogeza pua. Harufu ilikuwa ya ufukweni kwetu maji yakiwa yamekupwa, hiyo hiyo, siwezi kuikosea. Nikamwuliza muuzaji. Mwani! Wanauita dulse, unatoka kisiwa cha Grand Manan kwenye Ghuba ya Fundy, unachumwa kwa mkono juu ya miamba maji yakitoka, halafu unatandazwa juani hadi ukauke. Na wanautafuna hivyo hivyo, kama kisheti.

Mama yangu amelima mwani tangu mimi mdogo. Nimekua nikimwona akifuata bamvua, anashuka na kamba zake maji yakishatoka mbali, anarudi mgongo umemkaza na gunia kichwani. Mwani wetu unakaushwa, unapimwa kwa kilo na kupelekwa nje kwenda kutengenezwa vitu vya viwandani. Sikuwahi kumwona mtu wa Jambiani akiuweka mdomoni kwa raha zake. Na hapa kuna bibi anautafuna huku anachagua karoti.

Nikamwambia muuzaji kwamba kwetu bamvua kubwa maji hupanda kama mita 4. Akatabasamu, akaniambia kule mwisho wa Ghuba ya Fundy maji yanafika mita 16. Mita 16! Tukazungumza karibu robo saa juu ya kupwa na kujaa, mimi na mtu nisiyemjua, kwa lugha ambayo naiongea kwa kujikaza. Katika miezi yote niliyokuwa nimekaa Kanada hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya kwanza ambayo mimi nilikuwa najua kitu. Ladha yake ni chumvi mwanzo, kisha kitu kama moshi, na inabaki ulimini muda mrefu. Wengine hawaipendi. Mimi nanunua kila mwezi.

Tahadhari moja ya viatu. Duka moja mjini liliniuzia viatu likiniapia kwamba havipitishi maji, na majani mabichi ya Oktoba yakanionyesha vinginevyo kabla sijafika mtaa wa pili. Vijaribu nyumbani kwenye beseni, risiti ikiwa bado mkononi.

Ukitoka sokoni, shuka kwa miguu hadi Beaverbrook Art Gallery, ukingoni mwa mto, ng'ambo ya barabara kutoka jengo la Bunge la jimbo. Ni zawadi ya Lord Beaverbrook, mwenye magazeti Uingereza aliyekulia New Brunswick, na ilifunguliwa 1959. Mimi si mtu wa michoro. Lakini kuna mmoja wa Salvador Dalí, mchoraji wa Kihispania, Santiago El Grande wa 1957, una urefu wa mita 4 na zaidi, na uko hapo katika mji wa watu wapatao 63,000. Farasi mweupe amesimama kwa miguu ya nyuma juu ya kichwa chako. Usiutazame ukiwa umesimama; keti chini karibu nao, uinue macho, ndipo farasi anapopanda kweli. Kona ya chini kulia kuna mwanamke aliyejitanda shuka, uso tu uko nje, anakutazama wewe. Nilikaa naye muda mrefu kuliko huyo farasi.

Namalizia darajani, Bill Thorpe Walking Bridge, lililokuwa la reli na sasa ni la waenda kwa miguu na baiskeli, karibu mita 600 juu ya mto ambao wenyewe asilia, Wolastoqiyik, wanauita Wolastoq. Upepo wake ni mkali, funga kofia. Hapo ndipo ninapompigia mama, saa tisa alasiri, kwake ni saa tatu usiku. Nilipomtumia mfuko wa ule mwani kwa mtu aliyekuwa anakwenda Unguja, aliutafuna, akanyamaza, akasema, "Mwanangu, huu unataka ndimu." Nikajaribu, na kweli.

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, giza linaingia saa kumi na moja jioni, na tofauti yetu inakuwa saa saba. Simu ya darajani inamkuta keshalala. Kwa hiyo msimu huo nampigia asubuhi, nikiwa bado kwenye foleni ya sambusa.