Tuliuziwa Wafalme, Tukaoneshwa Mawe: Tathmini ya Ziara ya Siku Moja Brega

Kampuni niliyosafiri nayo sitaitaja, kwa kuwa ni ndogo na kosa lake linarekebishika ndani ya wiki moja. Tangazo lake, hata hivyo, halikuwa na utata: ziara ya siku nzima kutoka Dublin, Ireland, kwa basi dogo, kwenda kuwafahamu wafalme waliosahaulika wa Brega, yaani nchi ya kale ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika jimbo la Meath. Nililipa kwa ajili ya neno “wafalme”. Nilikuwa nimekwisha kusoma habari za Cináed mac Conaing, mtawala wa karne ya 9 ambaye jina lake si rahisi kulisikia hata Dublin kwenyewe, na nilitaka kusimama pale alipotawala.

Kuhusu usafiri sina neno: basi lilifika kwa wakati, lilikuwa safi, na dereva, mzee mmoja mpole, hakukimbiza gari.

Kituo cha kwanza kilikuwa Knowth, katika bonde la mto Boyne, ambako mgeni huvuka daraja la miguu kutoka kituo cha Brú na Bóinne kisha akapelekwa kwa basi la pale pale hadi kwenye kaburi kubwa lililojengwa yapata miaka 5,000 iliyopita. Ni mahali pa kustaajabisha, na mawe yaliyochongwa mizunguko na mistari ya kujipinda yanastahili kila sifa yanayopewa. Shida ni kwamba kijana aliyekuwa mwongozaji wetu aliyazungumzia mawe hayo tangu tulipotoka mjini, akayazungumzia tena tulipokuwa tukizunguka kilima, na wafalme akawapa sentensi moja tu: kwamba baadaye watu wakubwa walihamia hapo.

Watu wakubwa hao ndio tuliowalipia. Kilima kile kilikuwa makao ya wafalme wa Brega ya Kaskazini, tawi la ukoo wa Síl nÁedo Sláine, uzao wa Áed Sláine aliyeuawa mwaka 604. Kati ya karne ya 7 na ya 8 walichimba mahandaki mawili kukizunguka, moja chini na jingine juu, kaburi la kale likawa ngome. Baadaye wakajenga nyumba na njia za mawe za chini ya ardhi. Wapo walioingia hadi ndani ya kaburi na kukwaruza majina yao kwenye mawe, miongoni mwao Snedcest na Teimtennac, kama vijana wanavyoandika majina yao kwenye ukuta wa shule. Mwaka 863 Waviking waliyafukua makaburi ya bonde hili, Knowth likiwamo, jambo ambalo waandishi wa zamani wa Ireland walilisikitikia kama kitu kisichowahi kutendwa. Lolote katika hayo halikusemwa kwenye maikrofoni yetu.

Ziara iliokolewa na Lagore, tena mahali ambapo hapana cha kutazama. Karibu na Dunshaughlin tulisimama kando ya shamba la mtu, nyasi zimelowa, ng’ombe wanatutazama, na mwongozaji akatangaza dakika tano za kupiga picha. Hapo ndipo mzee dereva alipoiomba maikrofoni. Alitueleza kwamba uwanda ule ulikuwa ziwa, na katikati yake palikuwa na kisiwa kilichotengenezwa kwa mikono, kwa magogo, matawi na udongo, na juu yake wakaishi wafalme wa Brega ya Kusini, ambao nao ni Síl nÁedo Sláine. Mwaka 850 Cináed, mfalme wa Brega ya Kaskazini, alimwasi Máel Sechnaill, Mfalme Mkuu wa Ireland aliyetoka ukoo hasimu wa Clann Cholmáin, akashirikiana na Waviking, akateketeza nchi kuanzia mto Shannon hadi baharini. Kisiwa hiki hakukisaza. Alikibomoa hadi kikawa sawa na ardhi, ingawa mfalme wa hapo, Tigernach, alikuwa wa damu yake. Kisha akalichoma kanisa dogo la mbao la Trevet na watu wakiwa ndani: kumbukumbu za Ulster, yaani maandishi ya zamani ya matukio ya mwaka hadi mwaka, zinahesabu 70, nyingine zinafika 260. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu alikula nguo nzima. Mwaka uliofuata Máel Sechnaill na Tigernach walimkamata, wakamzamisha majini hadi akafa, na mwandishi wa kumbukumbu hizo hakuficha kwamba kilikuwa kifo cha kikatili.

Mzee alisimulia huku akionesha kwa kidole upande lilikokuwa ziwa, na ndani ya basi hakuna aliyeshika simu. Zile dakika tano zikawa ishirini. Mwongozaji alikuwa akitazama saa.

Natoa nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za dereva. Kampuni ingegawa karatasi moja tu yenye mti wa ukoo ingesaidia sana, maana majina yanachanganya: yuko Cináed mwingine, mac Írgalaig, Mfalme Mkuu aliyekufa mwaka 728, na baada yake tawi la Knowth lilisubiri zaidi ya miaka 200 hadi Congalach wa Knowth alipokipata cheo hicho mwaka 944, akauawa mwaka 956. Mgeni asiyejua haya anarudi akiamini kwamba Cináed aliyeibomoa Lagore alikuwa jambazi asiye na kwao, wakati alikuwa mwana wa nyumba ya kifalme iliyokwisha kupitwa.

Tulishushwa katikati ya Dublin saa kumi na moja jioni. Asubuhi yake nilikwenda peke yangu kwenye Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Kildare, ambako kuingia ni bure na ndiko vilikopelekwa vitu vilivyochimbuliwa Lagore na wataalamu wa Harvard kati ya 1934 na 1936. Miongoni mwa vitu vya kisiwa kile kuna mnyororo wa chuma wenye pingu ya shingoni. Basi letu lilituacha mwendo mfupi tu kutoka hapo, na hakuna aliyetuambia.