Breki za Forester ya turbo: mlio niliuondoa kwa grisi, Brembo niliifunga kwa ajili ya Kitonga

Ninaendesha Subaru Forester S-Edition ya mwaka 2011, ile ya injini ya lita 2.5 yenye turbo, nguvu za farasi 263 na giaboksi ya otomatiki ya gia tano. Ni gari la familia lenye mbio kuzidi sedani nyingi za barabarani kwetu, na uzito wake ni zaidi ya tani moja na nusu kabla hujapakia mtu wala mzigo. Niseme mapema: kelele za breki hazikuondoka kwa kufunga breki kubwa za Brembo (kampuni ya Italia ya breki), na breki kubwa sikuzifunga kwa sababu ya kelele. Nimetoa fedha kwa mambo yote mawili, kwa nyakati tofauti. Naandika kwa sababu kila mara nasikia mwenzangu mwenye Subaru akiambiwa gereji, "Bosi, hizi breki ni ndogo kwa gari hili, ndiyo maana zinalia. Funga Brembo." Anaweza kumaliza akiba yake na gari likaendelea kulia vilevile.

Nianze na mlio. Wangu ulikuwa mwembamba na mkali, unatoka ninapogusa pedali kidogo kwenye foleni ya Mbagala au nikikaribia tuta. Nikikanyaga kwa nguvu, unakata. Tabia hiyo peke yake inakueleza mengi. Pedi (kibao cha msuguano) inang'ang'ania diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu), inaachia, inang'ang'ania tena, haraka mno, na mtetemo ule ndio unaosikika. Ukikanyaga sana pedi inabanwa na mtetemo unakosa nafasi. Basi mlio wa aina hiyo si hatari, ila unakera, na unakwambia kuna kitu kimelegea, kimekauka au kimeungua kwenye kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi juu ya diski.

Kelele nyingine zina habari nyingine, na hapa naomba usikilize gari lako vizuri kabla ya kumsikiliza fundi. Mlio unaosikika gari likitembea bila wewe kukanyaga chochote, halafu unabadilika au kukata ukigusa breki, mara nyingi ni kile kibati kidogo kilichofungwa kwenye pedi makusudi kiguse diski pedi zinapokaribia kuisha. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma maana yake pedi zimeshaisha, na hapo hakuna safari tena, ni kuegesha. Na sisi wa Dar, hasa wa upande wa Kigamboni, tuna kelele yetu ya asubuhi: diski ni chuma cha kusubu, hewa ya bahari usiku mmoja tu inaipiga kutu nyepesi juu, ukitoka nyumbani inakwaruza mara chache kisha inajisafisha. Hiyo iache. Nimewahi kumsikia mtu akiuziwa pedi mpya kwa ajili ya kutu ya usiku mmoja, nikasikitika sana.

Gari langu lilipofunguliwa, hadithi ilikuwa wazi. Pini ambazo kalipa inatelezea zilikuwa kavu, moja ilitoka kwa kugongwa. Pedi ya ndani ilikuwa imeliwa kwa mshazari. Vile vibati vyembamba vinavyokaa nyuma ya pedi kumeza mtetemo havikuwepo kabisa. Aliyefunga pedi kabla gari halijawa langu hakuvirudisha. Zile pedi zenyewe zilikuwa za bei ya chini, ngumu, na uso wake uking'aa kwa kuungua.

Kazi iliyofanyika haikuwa ya ajabu. Mabano yanayoshika pedi yalisuguliwa kwa brashi ya waya hadi pedi zikateleza kwa kidole. Pini zilipakwa grisi ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida ya mafuta huvimbisha mpira. Masikio ya pedi na mgongo wake vikapata grisi ya kuvumilia joto kali, kidogo sana, na hata chembe isiguse uso unaosugua. Klipu zikawa mpya, vibati vipya, pedi za seramiki. Diski zilipimwa kwa kifaa cha kupimia unene: zikiwa mpya zina unene wa milimita 24, na mwisho wake ni 22, namba ambayo watengenezaji wengi huipiga kwenye diski yenyewe. Zangu zilikuwa na nafasi, zikachongwa kidogo mashineni uso ukawa sawa.

Halafu ikaja hatua ambayo gereji nyingi huiruka: kuzizoesha pedi mpya. Alfajiri ya Jumapili nilichukua barabara ya kuelekea Kimbiji, ikiwa tupu. Unafika kilomita 60 kwa saa, unapunguza kwa nguvu ya wastani hadi karibu 15 bila kusimama kabisa, unaongeza tena, unarudia mara nane au kumi, kisha unaendesha taratibu bila kushika breki mpaka zipoe. Lengo ni pedi iache utando mwembamba na sawa juu ya diski. Ukisimama breki zikiwa za moto na mguu ukiwa juu ya pedali, utando unajikusanya sehemu moja, na baadaye usukani unatikisika ukishika breki. Watu wanasema diski imepinda, kumbe mara nyingi ni utando huo tu.

Mlio uliisha. Gharama yote ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayebadili pedi na kumlipa fundi vizuri kwa muda wake. Mwenye tatizo la kelele peke yake anaweza kuishia hapa.

Mimi nina wazazi Iringa, na hilo ndilo lililonifikisha kwenye Brembo. Anayeijua barabara ya TANZAM, ya Dar kwenda Zambia, anaujua mlima wa Kitonga: kona juu ya kona, korongo upande mmoja, malori ya Tunduma mbele yako yakishuka kwa mwendo wa mtu, harufu ya breki hewani. Kurudi Dar huwa tuko watu watano, na tukipita Ilula lazima gunia liongezeke nyuma.

Fanya hesabu uone breki inabeba nini. Gari la kilo 1,550 likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa, breki zinapokea takriban kilojuli 600 za joto. Gari hilohilo likishuka mlima kwa wima wa mita 100 tu, nishati inayopaswa kwenda mahali fulani ni kama kilojuli 1,520, yaani sawa na kusimama kutoka kasi ya 100 mara mbili na nusu. Mlima wenyewe una wima wa mita mia kadhaa, na kwenye mteremko hakuna nafasi ya kupoa kama unayopata mjini kati ya taa na taa. Diski za mbele za kiwandani za milimita 294 ni nzuri mjini. Kitonga, gari likiwa limejaa, zinafika mwisho wa uwezo wake.

Nilizikuta dalili mbili katika nyakati tofauti, na ni muhimu kuzitenganisha. Pedali ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari halipungui unavyotarajia, pedi ndizo zimezidiwa joto, msuguano umeshuka. Pedali ikiwa laini na kuzama kuelekea sakafuni, mafuta ya breki yamechemka. Kuna mvuke ndani, na mvuke unabonyea. Ya pili ndiyo ya kutisha. Kwa zote mbili, cha kwanza ni gia nzito. S-Edition ina vitufe vya gia nyuma ya usukani, na gia ya pili au ya tatu inapunguza kazi ya breki kwa kiasi ambacho hakuna kalipa ya rangi nyekundu itakayokupa.

Kwa hiyo sikukimbilia kalipa. Nilianza na mafuta, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko vyote na ndiyo yanayosahaulika. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na kwa mji wa pwani hilo si jambo dogo. Madaraja ya mafuta haya huandikwa DOT na namba. DOT 3 mpya inapaswa kuvumilia angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini ikishaingia unyevu kiwango chake ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Tazama tarakimu za pili, maana ndizo zinazokuhusu baada ya mwaka au miwili. Nilimwaga yote ya zamani, yaliyokuwa ya kahawia, nikaweka DOT 4 bora, na tukatoa upepo magurudumu yote manne. Usichanganye na DOT 5 isiyo na nukta moja. Hiyo ni ya silikoni, haipatani na hizi.

Kisha pedi. Kwenye ukingo wa pedi nyingi kuna herufi mbili, kama FF au GG. Ya kwanza ni msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa na joto kali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi iliyoandikwa FE inapungua nguvu ikipata moto, na kwa mtu wa Kitonga hiyo ni ya kurudisha dukani. Nilipata FF yenye chuma kiasi, si seramiki. Ina vumbi jeusi zaidi kwenye rimu na asubuhi ikiwa baridi inaweza kunong'ona kidogo. Naikubali biashara hiyo. Pedi za mashindano zenyewe sizishauri kabisa kwa gari la familia: zinataka joto kwanza ndipo zishike, na zinapiga kelele mjini siku nzima.

Mafuta na pedi vilitatua pedali iliyokuwa ikizama. Kama bajeti yako inaishia hapo, umepata sehemu kubwa ya faida. Mimi niliendelea kwa sababu harufu ilikuwa bado ipo nikifika chini, na watoto wangu ndio wanaokaa kiti cha nyuma.

Kalipa za Brembo za Subaru Impreza WRX STI, zenye pistoni nne, zinakaa mbele ya Forester kwenye matundu yaleyale ya boliti. Zinatumia diski ya milimita 326 yenye unene wa 30. Chuma kingi zaidi maana yake joto lilelile linaipandisha diski nyuzi chache, na hapo ndipo fedha yako inapoonekana. Nilizipata Ilala, mtumba kutoka Japani, nikazifungua na kubadili sili na vumbi-kava zote kabla ya kuzifunga. Kwa mpira uliozeeka sitaki bahati.

Mambo matatu yalinichelewesha. La kwanza, STI tangu 2005 zina rimu za boliti tano kwa 114.3 (boliti tano kwenye duara la milimita 114.3), na Forester yangu ni tano kwa 100, hivyo diski lazima ziwe za 326 zilizotobolewa kwa 100. Ukinunua seti kamili kwa kufurahia bei, diski zake hazitaingia. La pili, bati la kukinga vumbi nyuma ya diski ni dogo, lilipaswa kukatwa. La tatu ni rimu. Kusema ni inchi 17 hakutoshi, kinachoamua ni umbo la spoku. Zile nilizokuwa nazo ziligusa kalipa, nikatafuta nyingine. Kata kadibodi kwa umbo la kalipa uijaribishe ndani ya rimu kabla hujalipa. Ukijumlisha kalipa, sili, diski, pedi na rimu, nilifika karibu bei ya bodaboda mpya.

Ukienda Kariakoo au Gerezani utaona pia vifuniko vya plastiki vyekundu vyenye jina la Brembo, vya kubandika juu ya kalipa ya kawaida. Vinazuia hewa palepale inapohitajika. Chukua sumaku: kalipa halisi ya Brembo ya STI ni ya aluminiamu, sumaku haishiki. Kipimo hicho hakithibitishi kila kitu, ila kinakuokoa na kadhaa.

Je, gari linasimama kwa umbali mfupi zaidi? Kwa kusimama mara moja ghafla mjini, sikuona tofauti ya kueleza. Breki za kiwandani nazo zina uwezo wa kufikisha matairi kwenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge), na baada ya hapo tairi ndilo linaloamua. Aliye na tairi zilizokauka aanze huko. Tofauti iko kwenye kurudia. Sasa nashuka Kitonga na pedali ya mwisho ni kama ya kwanza, na mguu unapata hisia nzuri zaidi ya kiasi gani unabana.

Na kelele? Brembo zilikuja na yake. Si mlio, ni mgongano mdogo, "tak", nikigusa breki wakati wa kurudi nyuma na tena nikianza kwenda mbele. Pedi kwenye kalipa hizi zinakaa juu ya pini mbili na kubanwa na springi ya bati. Springi za seti yangu ya mtumba zilikuwa zimelegea. Springi mpya na pini mpya, kitu cha bei ndogo, ikapungua mpaka lazima uzime redio uisikie.

Nyuma nimeacha za kiwandani, nikaweka pedi za aina ileile ya mbele. Kubadili nyuma kunagusa handbreki, ambayo viatu vyake vya breki viko ndani ya diski, na kalipa ndogo na diski zake za nyuma hazijawahi kunipa harufu wala mlio. Kila nikibadili oili ya injini, magurudumu yanatoka, pini zinakaguliwa, na nati zinafungwa kwa spana ya kupima nguvu badala ya kukazwa kwa mguu.