Seeing AI: Kusoma Hati Zako Bila Kumwita Mtu

Kabla sijaanza kutumia Seeing AI, programu ya simu inayotusomea maandishi kwa sauti sisi tusioona, matokeo yangu ya vipimo vya hospitali, taarifa za benki na hata barua za kunyimwa kazi vilipita kwanza machoni pa mtu mwingine, na mara nyingi habari mbaya niliitambua kwa namna msomaji alivyonyamaza ghafla katikati ya sentensi. Kwa hiyo, ninapoitathmini programu hii, sihesabu mambo mengi inayoweza kuyafanya. Naangalia ni hati ngapi ninaweza kuzimaliza peke yangu, mlango ukiwa umefungwa.

Seeing AI hutolewa bure na Microsoft. Ilianza kwenye iPhone mwaka 2017, ikafika kwenye simu za Android Desemba 2023. Saqib Shaikh, mhandisi aliyeiongoza kazi hiyo, alipoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka 7, na nadhani ndiyo maana programu haimpotezei muda mtumiaji wake. Ukiifungua kwenye sehemu ya maandishi mafupi, huanza kusoma papo hapo chochote kinachopita mbele ya kamera, bila kubonyeza kitu. Hiyo ndiyo ninayoitumia kutenganisha bahasha: jina la mtumaji likisikika, najua ipi ifunguliwe leo na ipi iende kapuni.

Kwa barua yenyewe, sehemu ya hati ndiyo yenye thamani kubwa. Unaweka karatasi mezani, unainua simu taratibu, nayo inakueleza ukingo upi wa karatasi haujaonekana, mpaka pembe zote nne ziingie kwenye picha, kisha inapiga picha yenyewe na kusoma kwa mpangilio, vichwa vya habari vikiwa vimetambuliwa. Karatasi nyeupe huonekana upesi zaidi ikiwekwa juu ya kitambaa cheusi. Mwanga nao unahitajika, jambo ambalo sisi tusioona hulisahau kwa urahisi. Niliwahi kuilaumu simu robo saa nzima, kumbe nilikuwa nimekaa gizani. Siku hizi naanza na sehemu ya kupima mwanga, ambayo hutoa mlio unaopanda kadiri mwanga unavyoongezeka. Wazee wetu wa teknolojia hii hawakuwa na anasa ya kuibeba mfukoni: mashine ya Kurzweil, iliyowasomea wasioona maandishi kwa sauti na iliyozinduliwa mwaka 1976, ilijaza meza nzima.

Hata hivyo, programu husoma upande ulioionyesha tu. Barua moja niliisoma yote, nikairidhia, nikaiweka kwenye faili, na wiki tatu baadaye nikagundua kwamba nyuma ya karatasi palikuwa na tarehe ya mwisho ya kujibu. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo kila karatasi naigeuza, hata inapoonekana kuwa ya upande mmoja, na sauti ikiniambia kuwa hakuna maandishi naichukua kama jibu kamili.

Jambo linalohitaji tahadhari kubwa zaidi ni tofauti kati ya kusoma na kueleza. Programu za namna hii sasa zinaweza pia kuulizwa maswali kuhusu hati, na ni raha kuuliza kiasi kinachodaiwa bila kusikiliza kurasa nne za masharti. Lakini maandishi yakisomwa vibaya, mara nyingi kosa hujitangaza lenyewe kwa maneno yasiyo na maana, ilhali jibu linalotungwa na akili unde huja katika sentensi laini hata likiwa si sahihi. Tarakimu ni hatari katika hali zote mbili, kwa sababu 3 na 8 hufanana kwenye karatasi iliyokunjamana na nukta ya desimali hupotea bila kuacha dalili. Namba za akaunti, tarehe na vipimo vya dawa nazisoma neno kwa neno, mara mbili, kwa picha mbili tofauti. Kwa dawa, zaidi ya hapo, namuuliza mfamasia.

Baada ya kusoma huja kutunza, na hapa programu inakuachia kazi mwenyewe. Nakala ya simu naipa jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, kisha mtumaji, kwa mfano 2024-03-18 benki, ili kisoma skrini, yaani sauti ya simu inayotamka yaliyo kwenye skrini, kinitajie mafaili kwa mfuatano wa tarehe. Karatasi halisi huingia kwenye bahasha yenye lebo ya nukta nundu. Cheti cha kuzaliwa na pasipoti vina bahasha zao, nazo nimezikunja pembe moja ili nizitambue hata nikiwa na haraka.

Ninapokwama kabisa, kwa mfano mbele ya mashine yenye skrini ya kugusa, hutumia Be My Eyes, iliyozinduliwa mwaka 2015 na inayomuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea kwa simu ya video. Inafaa sana kwa kuangalia rangi ya shati au namba ya mlango. Hati zangu za siri simwonyeshi mgeni huyo, hata akiwa mwema, kwa kuwa ni siri hiyo hiyo niliyotaka kuirudisha mikononi mwangu.

Kasoro inayobaki ni kalamu. Seeing AI itanisomea fomu nzima, lakini haitanijazia visanduku wala kukiongoza kidole changu hadi kwenye mstari wa saini. Katika ofisi moja niliambiwa nirudi na mtu wa kunisainia, ilhali nilichohitaji ni karani aniwekee kadi yangu yenye tundu la mstatili juu ya mstari huo, kazi ya sekunde mbili. Kadi hiyo, niliyoikata mwenyewe kutoka kwenye boksi la viatu, naibeba pamoja na simu kila ninapokwenda ofisini.