Hawa wa kusimamia nyumba Dodoma: mkataba wao safi, leseni yao hewa

Wenye nyumba wenzangu wa Dodoma njooni hapa kidogo, maana tangu serikali ihamie huku kila mwenye kiwanja Ilazo au Nkuhungu keshajenga vyumba vya kupangisha. Kuna ofisi moja ipo mjini kati, jina silitaji, kazi yao ni kukusimamia nyumba, yaani wanakutafutia mpangaji, wanaandika mkataba, wanakusanya kodi na kukufuatilia makaratasi. Mimi nina vyumba vya wanafunzi Ng'ong'ona huku karibu na UDOM na nyumba nyingine Makulu wamepanga watu wa ofisi, zote mbili niliwapa wao.

Nawapa nyota tatu, na hizo tatu zote ni za mkataba. Tumezoea yale makaratasi ya steshenari unajaza jina na tarehe mwenyekiti wa mtaa anagonga mhuri basi, hawa mkataba wao mpangaji akiusoma hana swali. Kodi ya miezi mingapi, koki ikiharibika nani anaita fundi, notisi ya kuhama siku ngapi, bili ya maji ya DUWASA inagawanywaje kwa vyumba, mpaka ile kero ya kodi ya majengo wameiweka. Mnajua tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza buku kwa mwezi na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida, sasa anayenunua umeme ni mpangaji kwahiyo anakatwa yeye wakati deni ni la mwenye nyumba, na hapo ndo simu za lawama zinapoanzia. Wao wameandika kabisa kwamba ile 18,000 ya mwaka inatolewa kwenye kodi ya chumba, kila mita na hesabu yake. Sijasikia ugomvi wa LUKU tena kwenye vile vyumba.

Halafu stempu. Wengi tunairuka hii. Ushuru wa stempu kwenye mkataba wa pango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, unalipwa TRA, na siku ukigombana na mpangaji mkafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka uulipie, na adhabu juu. Na usidhani utamalizia baraza la kata, siku hizi kata wanasuluhisha tu hawahukumu. Hawa jamaa walilipia wenyewe wakaniletea risiti bila kusumbuliwa. Nyumba ya Makulu nayo walinielekeza vizuri, mpangaji akiwa ofisi au kampuni anazuia asilimia 10 ya pango anaipeleka TRA, wewe kazi yako kudai cheti cha kodi ya zuio, usipokidai utakuja kuonekana hujalipa kitu. Dada aliyenihudumia alikuwa anaijua kazi yake, simlaumu kabisa.

Sasa njoo kwenye ankara. Katikati hapo kuna mstari umeandikwa "leseni ya mwenye nyumba", laki na nusu. Nikauliza hii leseni anatoa nani, kijana wa pale akasema jiji, nikamwambia sawa niandikie ni kwa sheria gani, akasema bosi katoka.

Jamani, nyumba ya kawaida ya kuishi, mtu kapanga anakaa na familia yake, huku bara hakuna leseni ya jina hilo. Hata ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilishafutwa 2005. Unachotakiwa kuwa nacho kimetawanyika huku na huku: hati ya kiwanja, pango la ardhi unalipa kila mwaka kwa control number, kibali cha ujenzi, TIN, na mapato ya pango uyatangaze TRA. Ukitaka kutoa hela yako mahali itoe kwenye hati, hasa sisi wa viwanja vya CDA, ile mamlaka ya zamani ya kustawisha makao makuu, hati zile zilikuwa za miaka 33 na CDA yenyewe ilivunjwa 2017 kazi zikahamia halmashauri, kuna watu mpaka leo wana karatasi ya zamani kabatini na wanapangishia watu kumi.

Leseni inakuja ukigeuza nyumba kuwa gesti, au hizi apartimenti za kulala siku mbili tatu zilizojaa sasa hivi wakati wa bunge. Hapo ni leseni ya biashara, ushuru wa kulala wageni, kitabu cha wageni, na kama hati yako imeandikwa makazi basi matumizi ya kiwanja yabadilishwe kwanza. Hilo ndo wangelifanyia pakeji watu wangewalipa kwa raha, cha ajabu hawalitaji hata kidogo.

Kijana alipobanwa akaniambia "mzee hata Uingereza wenye nyumba wana leseni". Ni kweli, nina shemeji anaishi huko na ananisimulia. Kule England wakikaa watu 5 au zaidi wasio familia moja wanachangia jiko au choo, mwenye nyumba lazima awe na leseni ya halmashauri, sheria yao ni ya 2004, na chumba cha kulala cha mtu mzima mmoja hakitakiwi kupungua mita za mraba 6.51, wawili 10.22. Nikapiga hesabu ya vyumba vyetu vya futi 10 kwa 10, ni kama 9.3, yaani mwanafunzi mmoja anapita, akibebana na mwenzake mmefeli. Ng'ong'ona nzima tungefeli 😂. Lakini hiyo ni halmashauri ya kule, na laki na nusu inatoka mfukoni kwangu huku. Niliukata ule mstari kwa kalamu mbele yake na akakubali haraka mno, hapo ukajua.

Kingine kidogo, wanachukua asilimia 10 ya kila kodi wanayokusanya halafu kwa mpangaji nako wanachukua ya mwezi mmoja kama dalali, na wakishakusanya pesa inakaa kwao zaidi ya ilivyoandikwa. Wanafunzi bumu la mkopo likichelewa na kodi inachelewa, hilo naelewa, ila ikishalipwa nitumieni.

Mkataba wa mwakani nitawapa hao hao, vyumba vya Ng'ong'ona nakusanya mwenyewe. Anayejua wakili mzuri wa bei ya kawaida maeneo ya Area C aweke hapa, tulinganishe bei.