Redio ya CB ya mezani ya miaka ya 80: raha yake na pale walipokosea

Assalamu alaykum ndugu zangu, karibuni. Leo nimewaletea hii hapa, redio ya CB, yaani redio ya raia wa kawaida kuongea wao kwa wao hewani, na hii ni ya besi, ile ya kukaa nyumbani sio ya kufunga kwenye gari, ya mwanzo wa miaka ya 80, na ilishaacha kutengenezwa kitambo. Jina la kampuni nimelifunika na tepu, sitaki komenti zigeuke vita vya brandi, na isitoshe wakati ule kampuni kadhaa za Marekani zilikuwa zinatengenezewa redio Japani na watu walewale, ukifungua unakuta bodi zinafanana, sura tu ndo zinatofautiana.

Haya iangalieni hii sura. Mashallah! Mita ya sindano inayowaka taa kwa nyuma, namba za chaneli nyekundu, na kila kazi ina nobu yake, sauti, skwelchi (ya kunyamazisha mkwaruzo pasipo mtu anayeongea), nguvu ya kupokea, maiki, zote unazifikia bila kuingia kwenye menyu yoyote. Mi nikizima taa za chumba naiendesha kwa vidole tu. Halafu spika, boksi kubwa hili linatoa sauti nzito ya mtu kama amekaa nawe barazani, vile vidude vidogo vya siku hizi vinakoroma tu.

Ndani kuna chaneli 40, kuanzia megahezi 26.965 mpaka 27.405. Wamarekani walikuwa na 23 tu mpaka walipoongezewa mwaka 1977. Ina njia mbili za kubeba sauti, AM na SSB. Kwa AM inatoa wati 4, kwa SSB wati 12 kwenye kilele, na SSB ndo mimi inayonipagawisha, kwa sababu AM nguvu nyingi inaliwa na wimbi lenyewe lisilobeba neno lolote, SSB inalitupa lile wimbi na upande mmoja wa sauti, nguvu yote inakwenda kwenye maneno. Huku Langoni, Lamu, antena juu ya dari, namsikia jamaa yangu yuko kijijini Matondoni safi kabisa. Na tangu jua lilipopamba moto, maana mzunguko wake wa sasa wa kuchangamka na kutulia ulifika kileleni mwaka 2024, mchana mawimbi haya yanarudishwa chini na anga ya juu, unasikia watu wa nchi za mbali wanaongea lugha huzijui, na hapo hujalipa bando.

Sasa tuje penye uchungu, na nawaambia kwa sababu naipenda. Ukifungua kifuniko utaona kwamba hii kimsingi ni redio ya gari iliyotiwa kwenye boksi kubwa, wakaongeza transfoma na saketi ya kugeuza stima ya nyumbani iwe volti 13 na kitu. Nafasi ipo tele lakini transfoma na regyuleta wamezibana humuhumu ndani, hakuna feni, matundu ya hewa machache, joto lote linapanda kwenye bodi ambako kuna kristali inayoshika masafa. Kristali ikipata joto inahama. Kwa AM hutosikia tofauti yoyote, kwa SSB ukihama hezi mia mbili tatu tu mtu anaanza kuongea kama bata, basi kila mara uko kwenye nobu ya klarifaya, ile ya kusogeza masafa kidogo kidogo, unamfukuza. Wangeweka transfoma nje nyuma, au hata ukuta wa bati katikati, jamani, tatizo lingepungua sana!

Na hiyo ni kwao Marekani, volti 120 na hezi 60. Huku kwetu ni 240 na hezi 50. Volti utazishusha kwa transfoma ya pembeni, hezi hazishuki wala hazipandi, na transfoma iliyopimiwa hezi 60 ukiipa 50 inazidi kuchemka. Kapasita za kulainisha stima nazo zinangoja zaidi kati ya pigo na pigo, kwa hiyo zikishazeeka unasikia mvumo kwenye spika. Hata saa yake ya mbele inahesabu mapigo ya stima, kila saa moja ya kweli yenyewe inasogea dakika 50, mi nimeacha kuiangalia. Kama una betri ya sola na redio yako ina tundu la volti 12, pitia huko, utaruka balaa lote hili.

Chumvi ya bahari sitaizungumza sana, mnaijua inavyokula bati, ila swichi ya chaneli ni ya kugusanisha vyuma na ikiota kutu chaneli zinaruka. Ipulizie dawa ya kusafishia kontakti, plagi ya antena izungushie tepu ya mpira. Na kabla hujarusha sauti uliza habari ya leseni kwa CA, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Baharini usiitegemee, vyombo vinasikiliza redio za baharini za VHF, chaneli 16.

Ukiikuta inauzwa, mwambie muuzaji aiwashe muda wote mnaongea bei, na uiweke kwenye SSB unamsikiliza mtu mmoja. Baada ya nusu saa gusa kifuniko juu ya transfoma, sikiliza kama kuna mvumo, angalia umeizungusha klarifaya mara ngapi. Ikiwa mkono hauwezi kukaa pale juu, toa kwenye bei pesa ya kapasita mpya na ya fundi. Akikataa, muachie.