Uzoefu wangu: kumtafuta daktari wa tezi ya shingo

Kilichonipeleka hospitali ni sindano ya kushonea. Nilitaka kurudishia kifungo cha shati. Natia uzi, unapita pembeni. Nalamba ncha, najaribu tena, vidole vinatetemeka kana kwamba nimetoka kubeba gunia. Wakati huo nilikuwa nimeshapungua kilo 9 huku nikila kuliko siku zote, usingizi hauji, na moyo unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa. Daktari wa kwanza akasema ni msongo wa mawazo, akanipa dawa za usingizi. Wa pili akapima moyo, akaukuta mzima ila unakimbia, ndipo akaagiza kipimo cha TSH, homoni inayoiamuru tezi ya shingo ifanye kazi, pamoja na T3 na T4, homoni ambazo tezi hiyo huzitoa. TSH ilikuwa karibu haipo, T4 imepanda mara mbili ya kawaida. Tezi ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi.

Baada ya hapo nikapoteza wiki mbili kutafuta mlango ulioandikwa “daktari wa tezi”. Usihangaike, sidhani kama upo. Anayetibu tezi hii kwa dawa ni daktari bingwa wa homoni, na mara nyingi mlango wake umeandikwa “kisukari”, kwa kuwa wagonjwa wake wengi ni wa kisukari. Mlango huo niliupita mara mbili nikijisemea, mimi sukari yangu ni nzuri. Nikaishia kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alinicheka kidogo, akaniambia yeye ni mtu wa kisu na mimi bado sijafika kwenye kisu, akaniandikia rufaa.

Bingwa wa kwanza nampa nyota mbili. Dawa aliyonianzishia, kabimazoli, inayopunguza homoni za tezi, ilikuwa sahihi. Tatizo lake ni kwamba alisoma namba moja tu. Kila nikirudi anatazama TSH, anaona bado iko chini, anaongeza vidonge. Mwezi wa nne nikawa mtu mwingine: baridi mifupani, uso umevimba asubuhi, nasinzia nikiongea na watu. Nikimweleza, ananionyesha karatasi: “Si unaona TSH yako bado haijapanda?” Sikuwa na la kumjibu.

Jibu nililipata kwa bingwa wa pili. TSH hutolewa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ili kuiamuru hii ya shingoni. Homoni zikizidi kwa muda mrefu, tezi hiyo ndogo hunyamaza, na inaweza kukaa kimya kwa miezi hata baada ya homoni kushuka. Kwa hiyo miezi ya mwanzo wa matibabu kinachoangaliwa zaidi ni T4 na T3. Zangu zilikuwa zimeshuka chini ya kiwango. Nilikuwa ninazidishiwa dawa.

Huyu wa pili, kabla ya kugusa karatasi yoyote, alisema, “Nyoosha mikono, dada.” Akalaza karatasi juu ya vidole vyangu akaitazama kama inatikisika. Akasimama nyuma yangu, mikono shingoni, akaniambia ninywe maji funda moja huku yeye akiisikiliza tezi kwa vidole ikipanda na kushuka. Akatazama macho, akauliza kama navuta sigara na kama nina mpango wa kubeba mimba. Akaagiza kipimo cha kingamwili na altrasaundi. Ndipo nikajua ugonjwa wangu unaitwa Graves: kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoichokoza tezi.

Njia zote tatu aliniwekea mezani siku hiyohiyo. Vidonge kwa miezi 12 hadi 18, kisha kuacha na kuangalia. Wapo wanaopona, na wengi hurudiwa. Iodini yenye mionzi, ambayo unaimeza, tezi inaivuta kama inavyovuta iodini yoyote, halafu inakufa taratibu; haifai kwa mjamzito na inaweza kuyazidishia macho yaliyokwisha kuathirika. Au upasuaji. Na onyo moja alilirudia mara tatu: nikiwa kwenye kabimazoli, homa ikinipata au koo likiuma, niache dawa na nikapimwe damu siku hiyohiyo, maana mara chache dawa hii huangusha chembe nyeupe. Bingwa wa kwanza hakuwahi kunigusia hilo.

Nilimaliza miezi 18, nikakaa salama miezi minane, ugonjwa ukarudi. Macho yalikuwa yameanza kutoka nje kidogo, kwa hiyo iodini tukaiweka kando. Kabla ya kukubali kisu nilimuuliza mpasuaji swali ambalo bingwa wangu alinifundisha: “Kwa mwaka unatoa tezi ngapi?” Hakukasirika. Anayefanya kazi hii mara kwa mara hukosea kidogo, na pale shingoni pana neva za sauti na vitezi vinne vinavyotunza kalsiamu. Baada ya upasuaji vyangu vilizubaa kwa wiki tatu. Midomo na ncha za vidole zilikuwa zinachonyota mpaka nikapewa kalsiamu. Sauti ilirudi nzima, ila nyimbo za juu sizifikii tena.

Sasa natumia levothairoksini, homoni ya vidonge inayoshika nafasi ya tezi iliyotolewa, na ni ya maisha. Naimeza tumbo tupu kwa maji, nasubiri nusu saa hadi saa nzima ndipo nile. Kalsiamu nilipokuwa nayo niliitenganisha nayo kwa saa nne. Dozi imebadilishwa mara mbili, kila mara kwa kipimo cha baada ya wiki 6 hadi 8, na siku hizi TSH ndiyo inayotazamwa, kwa kuwa imeshaamka.

Bingwa wa pili nampa nyota nne na nusu. Ile nusu imebaki kwenye benchi la kusubiria: ukipangiwa saa tatu asubuhi, beba kitu cha kusoma, utaonana naye saa saba.